Kifaranga Huyu ni wa Jogoo Yupi?

Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Msemo huu una busara katika malezi ya watoto, kwani huwaepusha watu na ugomvi usio na mwisho. Lakini katika uzalishaji wa kuku ni hasara tupu. Mfugaji asiyemjua baba wa vifaranga wake hawezi kusema anaboresha nini.

Suala hili lawahusu sana wananchi wa Kyela. Katika bonde hili la joto, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kuku wa kienyeji hujitafutia riziki chini ya migomba na mikakao, nao hawatambui mpaka wa uwanja wa jirani. Mfugaji hujinyima, akanunua jogoo mkubwa wa mbegu ya kisasa, kisha humwachia uwanjani pamoja na majogoo wengine. Miezi sita baadaye huona kuku wake ni wadogo vilevile, naye hulaumu mbegu. Huenda mbegu haina kosa lolote: vifaranga wale si wa jogoo wake.

Hata kuwaondoa majogoo wengine hakutoshi ikiwa mfugaji ana haraka. Ndani ya njia ya mayai ya mtetea mna vijifuko vidogo mno ambamo mbegu za jogoo hukaa zikiwa hai. Kwa hiyo mtetea aweza kutaga mayai yenye uhai kwa muda wa wiki 2 hadi 3 baada ya kupandwa mara ya mwisho. Kumwondoa jogoo wa zamani leo na kuanza kuweka mayai ya kuatamiwa kesho kutwa ni kujidanganya.

Urithi wa kuku si jambo la kubahatisha. Mwaka 1902 Mwingereza William Bateson alitangaza matokeo ya majaribio yake ya kupandanisha kuku wenye undu wa maumbo mbalimbali, akaonyesha kwamba kanuni za urithi alizozigundua Mendel katika njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Mfugaji naye ana ushahidi machoni pake. Wako kuku wasio na manyoya shingoni, na sifa hiyo hujitokeza hata ikitoka kwa mzazi mmoja tu. Basi, ikiwa mitetea wako wote na jogoo wako wana manyoya shingoni, kisha akaanguliwa kifaranga mwenye shingo tupu, yupo jogoo mwingine aliyepita. Hata hivyo, kukosekana kwa alama hiyo hakuthibitishi kwamba hakupita mtu.

Ipo hatari nyingine, nayo ni kumwacha jogoo mmoja akae mpaka awapande binti zake. Hapo, kwa kila chembe ya urithi, uwezekano ni 1 kati ya 4 kwamba kifaranga atapata nakala mbili za chembe ileile iliyotoka kwa jogoo huyo. Kasoro zilizokuwa zimejificha hujitokeza, mayai mengi hayaanguliwi, na vifaranga huwa dhaifu. Mtamba huanza kutaga akiwa na umri wa miezi 5 au 6; kabla ya hapo, jogoo na apelekwe kwa mfugaji mwingine, na wa mwingine aletwe.

Watu watauliza: kuku wa kienyeji wakifungiwa watakula nini? Swali hilo ni la haki. Lakini sishauri kundi zima lifungwe. Jogoo 1 na mitetea 8 waliochaguliwa, katika uzio wa mianzi au wavu, kwa muda wa wiki 5 tu, wanatosha. Mayai ya wiki 3 za mwanzo yaliwe au yauzwe. Yale ya wiki 2 zinazofuata yaokotwe kila siku, yaandikwe tarehe kwa penseli, na kuwekwa chini ya mtetea anayetaka kuatamia yakiwa bado hayajazidi siku 10. Kyela, nchi ya mpunga, haikosi pumba. Na usipa wa ziwani, hata kidogo, huongeza nguvu ya chakula. Gharama hiyo haifanani na hasara ya kununua jogoo bora na kupata kizazi cha jogoo usiyemjua.

Kwa maoni yangu, basi, makosa si ya wafugaji peke yao. Mara nyingi mipango ya kuboresha kuku hugawa majogoo kwa kaya mojamoja, kana kwamba uwanja wa kila kaya ni kisiwa. Ingefaa zaidi majogoo wagawiwe kwa kitongoji kizima, baada ya majirani kukubaliana kuwachinja au kuwauza majogoo wasiotakiwa, na kuwachanja kuku wote dhidi ya mdondo, maana jogoo bora aliyekufa hana kizazi. Vilevile, wachache wa kuku wetu wa asili watunzwe bila kuchanganywa. Wao huatamia na kulea wenyewe, na hizo ni sifa ambazo mbegu nyingi za kisasa zimezipoteza.

Bila daftari la nani kamzaa nani, hatutajua kama mchanganyiko fulani umefaa au haukufaa, hata tukiujaribu miaka mingi. Sayansi ya ufugaji huanza na swali dogo ambalo kila kaya yaweza kulijibu: kifaranga huyu, baba yake ni nani?