Mwamba Hauishii Penye Jiwe

Kila inapozuka hoja ya kuchimba sakafu ya bahari, iwe ni kuongeza kina cha bandari, kuchota mchanga wa ujenzi au kuvua viumbe wa chini kwa vyuma vya kukokota, jibu huwa tayari mdomoni: mwamba hautaguswa, kinachochukuliwa ni mchanga tu. Mhandisi hulisema, mwenye meli hulisema, mwanasiasa hulirudia jukwaani, na mara nyingi hata mtetezi wa mazingira huondoka mezani akiamini ameshinda, maana amechorewa mstari kuzunguka matumbawe yake. Jibu hilo limejengwa juu ya imani kwamba sakafu ya bahari ni vipande viwili: mwamba, wenye uhai na unaostahili kulindwa, na mchanga unaouzunguka, uwanja mtupu unaomsubiri mwenye kazi nao. Imani hii ni potofu, na kwa maoni yangu ina madhara kuliko kauli ya mtu asemaye waziwazi kwamba bahari haimhusu. Huyo tunamjua na tunaweza kumpinga. Huyu mwingine anakuja na ramani.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka mbali na kwetu, kwenye maji baridi ya Lyme Bay, ghuba ya kusini-magharibi mwa Uingereza inayopakana na Devon na Dorset. Sakafu yake ni mchanganyiko: hapa mwamba umejitokeza, pale mawe yametapakaa, na katikati kuna mchanga wenye kokoto. Juu ya mawe huota tumbawe laini la rangi ya waridi, Eunicella verrucosa, lenye matawi yaliyotandaa kama feni ya mkono, ambalo hurefuka kwa karibu sentimita moja tu kwa mwaka. Ghuba hiyohiyo ina skalopi, kombe wanaolipiwa bei nzuri mahotelini, na hao huvuliwa kwa reki ya chuma. Reki hii ni fremu nzito. Ukingo wake wa chini una mtaimbo wenye meno marefu ya kuwafukua kombe mchangani, na nyuma yake kuna mfuko uliosukwa kwa pete za chuma. Chombo kimoja huweza kukokota reki kadhaa kila ubavu. Mahali penye mawe mengi palikuwa na kinga yake, kwa sababu meno hunasa. Kisha ikaja reki ya springi: mtaimbo ukigonga jiwe unalala nyuma, unapita, unasimama tena na kuendelea na kazi. Ni kifaa kidogo, lakini ndicho kilichofungulia wavuvi sakafu ambazo awali zilikuwa za kuogopwa. Kuna kichekesho cha kisheria hapo pia. Tumbawe hilo la waridi linalindwa na sheria ya wanyamapori ya Uingereza ya 1981, kwa hiyo mzamiaji akiling'oa kwa makusudi anaweza kushtakiwa. Reki ikilifagia katika shughuli halali ya uvuvi, hilo huhesabiwa kuwa ni ajali ya kazi.

Dawa iliyojaribiwa kwanza ilikuwa ileile ya kuchora mistari. Mwaka 2006 palikuwa na makubaliano ya hiari ya kuacha vipande vichache vilivyojulikana kuwa na mwamba, na kwingine kazi ikaendelea. Mabishano hayakwisha. Julai 2008 serikali ikapiga marufuku zana zote za kukokotwa chini katika eneo moja la kilomita za mraba 206, mawe na mchanga pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth wakaanza kupitisha kamera kila mwaka: chombo kinachoelea kidogo juu ya sakafu, kikivutwa na boti taratibu, huku miale ya leza ikitoa kipimo cha ukubwa wa kila kinachopita mbele ya lenzi. Kwamba viumbe wa kwenye mawe wangeanza kurudi, hilo lilitarajiwa, na wakarudi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa na jambo zito zaidi. Viumbe ambao vitabu vinasema lazima wapate kitu kigumu cha kushikilia, tumbawe la waridi likiwemo, walikuwa wameanza kuota kwenye ule mchanga wa kokoto ulio kati ya mawe. Mahali ambapo ramani ilisema ni mchanga, chini yake palikuwa na mwamba uliofunikwa kwa tabaka jembamba, au palikuwa na kokoto na mawe ya kutosha kiumbe kujishikiza. Utupu wake haukuwa wa maumbile. Ulitokana na kukwanguliwa tena na tena, kabla ya chochote kupata muda wa kushika mizizi.

Hapo ndipo imani yote inapoporomoka. Mchora ramani alikuta uwanja mtupu, akauandika uwanja mtupu, kisha utupu huo ukatumiwa kuhalalisha chombo kilichousababisha. Tunapouliza mwamba unaishia wapi, tunapewa jibu la mahali ambapo reki ilishindwa kupita, na jibu hilo tunaliita jiolojia.

Anayedhani Lyme Bay ni kisa cha pekee aangalie Loch Carron, magharibi mwa Scotland. Huko kuna kombe wadogo wenye vinyweleo vya rangi ya moto, Limaria hians, ambao hutoa nyuzi na kufunga changarawe na vipande vya makombe pamoja hadi sakafu nzima ikawa zulia moja lenye mashimo ya kuishi viumbe wengine kwa mamia. Yaani kokoto zisizo na thamani machoni mwa mchimbaji ndizo tofali la mwamba wenyewe, na fundi ni kombe. Mwezi wa Aprili 2017 chombo cha kuvua skalopi kilikokota reki zake juu ya zulia hilo. Wazamiaji walishuka wakapiga picha za uharibifu, na umma ukashtuka kujua kwamba sheria haikuvunjwa, kwa kuwa hapakuwa na mstari wowote uliochorwa mahali hapo. Serikali ya Scotland ikafunga eneo hilo kwa dharura mwezi uliofuata, na mwaka 2019 ikalifanya hifadhi ya kudumu.

Wanaotetea reki wana hoja zao, na si zote za kudharauliwa. Ya kwanza ni kwamba kukokota reki ni kama kulima: unageuza udongo, rutuba inatoka, kombe wanastawi. Mfano huu unapendeza masikioni, lakini mkulima hupanda kabla ya kuvuna, na shamba lake halikuwa na msitu wa miaka 30 asubuhi ile alipoingia na jembe. Kinachofukuliwa na reki hakipandwi na mtu. Kikiisha, chombo huhamia kwingine. Hoja ya pili ina uzito zaidi: mawimbi nayo hupindua sakafu, na hakuna anayeyashtaki. Ni kweli. Dhoruba kali za majira ya baridi ya 2013 na 2014 zilipiga Lyme Bay na kurudisha nyuma sehemu ya kile kilichokuwa kimepona. Lakini tafakari maana yake. Dhoruba ya namna hiyo huja mara chache, kisha huondoka na kuwaachia viumbe miaka ya kujijenga upya. Reki hurudi msimu kwa msimu, na huchagua kwenda palepale penye uhai, kwa kuwa hapo ndipo penye mavuno. Sakafu inayopigwa na dhoruba na reki pamoja haipati hata hiyo miaka michache ya kupumua. Kwa hiyo kadiri mtu anavyonikumbusha nguvu ya dhoruba, ndivyo anavyonipa sababu ya kuiondoa reki.

Kisha kuna hoja ya riziki, ambayo ndiyo huwashika wanasiasa. Kufunga kilomita za mraba 206 kuliwaumiza wenye vyombo vya kukokota, na baadhi yao walihamishia reki zao nje ya mpaka. Nani angetarajia vinginevyo? Ila eneo halikufungwa kwa kila mvuvi. Wenye kutega kaa na kamba kwa madema ya huko, wenye nyavu za kutegwa, na wazamiaji wanaookota skalopi kwa mkono waliendelea kufanya kazi humohumo, bila hofu ya kuamka na kukuta mitego yao imeburutwa na chombo cha mtu mwingine. Yale yalikuwa mashindano kati ya wavuvi na wavuvi, na anayesimulia habari hii kama ugomvi wa wavuvi na wapenda samaki wa picha anawafuta wavuvi wadogo kwenye hesabu. Wala sidai kwamba mtego hauna dhambi. Watafiti walewale wa Plymouth walijaribu kuongeza idadi ya madema katika sehemu maalumu za ghuba, na ikaonekana kwamba yakizidi sana, nayo huumiza sakafu na kupunguza mavuno. Tofauti ni kwamba idadi ya mitego inaweza kupunguzwa hadi kiwango ambacho mwamba unakihimili. Reki kiwango chake ni mpito mmoja.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba hayo ni ya Ulaya, bahari yetu ni tofauti. Ni tofauti kweli, na tofauti yenyewe inatuelemea. Matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki hula kwa msaada wa vijimea vilivyomo ndani ya miili yao, na vijimea hivyo vinahitaji mwanga wa jua. Meli ya kuchimba njia ya bandari inaweza kufanya kazi mbali na mwamba, bila chuma chake kugusa tumbawe hata moja, na bado tope inalolitibua likasafiri na mkondo, likatia giza maji na kuufunika mwamba kwa vumbi laini. Mstari wa kwenye ramani hauzuii tope. Isitoshe, samaki wetu hawaujui huo mstari. Tafi hulisha kwenye nyasi za bahari. Kamba koche hujificha kwenye mapango ya mwamba mchana kutwa, na usiku hutoka kutafuta chakula kwenye sakafu ya jirani, ileile inayoitwa tupu. Ukichota mchanga na nyasi zake ukaacha jiwe, umemwachia kamba koche chumba cha kulala bila jiko.

Wavuvi wa Lamu walilijua hili kabla ya kufika mahakamani. Bandari mpya ilijengwa kwa kuchimba njia ya meli katika Ghuba ya Manda, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kwale nako, wavuvi na wenye hoteli walipaza sauti dhidi ya meli zilizokuwa zikinyonya mchanga baharini kwa ajili ya ujenzi wa Mombasa. Tutaambiwa kwamba nchi inahitaji bandari, na sibishi. Meli kubwa haiingii kwenye maji ya kina kifupi kwa dua. Ninachokataa ni hesabu inayoanza kwa kuandika kuwa eneo la kazi lina mchanga tu, ikamaliza kwa kusema kwamba basi hakuna kitakachopotea. Fidia ya Lamu ilionyesha kwamba kilichopotea kina bei, ila bei hiyo ilijulikana wakati sakafu ikiwa imekwisha kuanza kuchimbwa, na mzigo wa kuthibitisha ukawaangukia wenye ngalawa.

Kwa hiyo mwombaji kibali akileta ramani inayokoma kwenye ukingo wa jiwe, arudishiwe akaikamilishe. Aonyeshe tope litafika wapi maji ya bamvua yanapokupwa, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi pia. Aonyeshe nyasi za bahari zilizo njiani, na wavuvi wa kijiji gani wanategea hapo. Pale anapoandika kwamba sakafu ni tupu, aeleze ilikuwaje kabla haijaburutwa juya au nyavu za meli za kamba, na aache sehemu yake bila kuguswa kwa muda wa kutosha kuona kitakachoota. Kazi hiyo ifanywe kabla meli haijawasili, kwa sababu sakafu ikishachimbwa mpimaji hana tena cha kulinganisha nacho.