Orodha ya WhatsApp Si Daftari

Leo tutasema, na atakayekasirika atusamehe: hizi orodha tunazozungusha kwenye magrupu ya harusi zinatugombanisha bure.

Utaratibu wenyewe mnaujua. Katibu anaandika majina, kila mmoja anakopi, anajiongeza chini, anapesti tena. Sasa Mama Fulani na wifi wa bi harusi wakikopi dakika moja, kila mmoja atapesti orodha isiyo na jina la mwenzake. Anayefuata atachukua ile ya mwisho. Jina la mtu aliyetoa 50,000 limeshapotea. Hakuna aliyeiba, lakini maneno yatafika hadi ukumbini.

Sisi mafundi wa huku Tangini, Kibaha, tunaletewa matokeo yake mezani. Harusi moja, orodha tatu za sare. Hii ina watu 32, ile ina 35. Tukate kitambaa kwa ipi? Siku ya kuchukua nguo ndipo anajitokeza shangazi ambaye hakukatiwa, na bi harusi, badala ya kukaa na somo wake, anashinda kwenye simu akisuluhisha.

Dawa ipo, na ukiacha bando haikutozi senti. Jedwali la pamoja la mtandaoni, kama Google Sheets, lipo tangu 2006. Karatasi inakuwa moja tu, wote wanaifungua kwa linki ile ile. Watu wawili wakiandika kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye mstari wake, majina yote mawili yanabaki. Mtu akifuta tarakimu, historia ya jedwali inaonyesha ilivyokuwa kabla. Na mwenye jedwali ndiye anayeamua nani aandike na nani asome tu.

Tunaambiwa, "Mtawaaibisha wasio na uwezo." Hapana. Anayeaibika ni yule aliyetoa, kisha akadaiwa tena mbele ya watu. Ahadi za michango zikae kwenye jedwali la kamati, sare ziwe na jedwali lake. Vipimo vya bi harusi na picha zake havina kazi kwenye linki ya watu 80. Hivyo vibaki kwake na kwa fundi wake. Na mama zetu wenye vitochi wasomewe kikaoni, kama zamani.

Wengine wanasema kuandikiana kati ya ndugu ni kutoaminiana. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, Al-Baqara 282, inatuamrisha kuandika deni, na inatukataza kuchoka kuliandika, liwe dogo au kubwa, ili tusitiliane shaka. Kama deni la ndugu linaandikwa, mchango wake una ubaya gani?

Bi harusi mtarajiwa, kabla hujachagua rangi ya sare, uliza kwanza: orodha iko wapi, na nani anaiona? Ukijibiwa kwamba iko kwenye simu ya mwenyekiti, usikubali. Omba linki.

Allah azijaalie harusi zetu baraka na stara. Amin.