MSIPASUE MASHUA KUUKUU, WATOTO WANA KAZI NAYO

Ndugu wanaushirika,

Nimesikia kwamba ile mashua kuukuu iliyolala pale dikoni, chini ya mkungu, inatakiwa kupasuliwa iwe kuni za kuchemshia dagaa. Mimi naomba tusifanye hivyo. Iachwe, watoto waichezee.

Najua wapo watakaocheka. Lakini hebu piteni pale jioni mtazame. Mmoja nahodha, kashika fimbo, ndiyo shikio. Mwingine kafunga kanga ya mama yake kwenye ufito, ndiyo tanga na foromali. Wa tatu anafua maji kwa kifuu, na maji yenyewe hayamo! Waulizeni: "Upepo wa kusi unavuma nasi twaenda kusini, tufanyeje?" Watajibu wote: "Tubishe!" Hayo hawakuambiwa darasani, jamani. Wameyapata kwa kucheza.

Tukiwasaidia kidogo watapata zaidi. Mpe mtoto karara la mnazi aelee nalo kwenye dimbwi. Atie vijiwe katikati, ataona limetulia. Ndiyo farumi hiyo. Avisogeze vyote upande mmoja, litapinduka. Aongeze kimoja kimoja, mwisho litazama. Atakuwa amejua kwa mkono wake kwamba kila chombo kina kiasi chake.

Na hapo ndipo penye neno langu. Mwaka 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 200. Vyote viwili vilipakia kupita kiasi. Je, sisi hapa tumejifunza? Siku ya gulio si mnatusikia: "Nahodha, nisogezee tu, mimi mmoja sizidishi kitu!" Na nahodha anaona haya, anapakia.

Basi watoto wacheze na hilo. Anayekuwa nahodha azoee kusema "Chombo kimejaa," hata kama anayebaki ni mjomba wake. Na anayebaki azoee kungoja bila kununa. Udongo uwahi ungali maji.

Sisemi waachwe ovyo. Misumari ya kutu ing'olewe, mbao zilizooza zitolewe, mashua ivutwe juu bamvua lisiifikie. Wazee wetu walioacha kwenda baharini wapeane zamu ya kukaa pale alasiri, wawafundishe majina: omo, tezi, mlingoti, upo. Majini mtoto asiingie bila mtu mzima.

Kuni za mashua ile zitakwisha siku mbili. Nahodha anayejua kukataa atatufaa miaka mingi. Mkutano ujao nitalisema tena, na anayepinga aje aseme.

Ni mimi mwanaushirika mwenzenu.