Tukae Kwanza Tuhesabu Gharama

Mwezi Julai 2020 kampuni ya Canon ilitangaza kamera mbili zisizo na kioo cha ndani: EOS R5 kwa dola 3,899, na EOS R6 kwa dola 2,499. Je, tofauti ile ya dola 1,400 yanunua nini?

Yanunua, pamoja na mengine, video ya 8K, yenye pikseli mara nne ya 4K. Lakini Canon yenyewe ilieleza kwamba, katika joto la nyuzi 23, R5 ingerekodi 8K kwa takriban dakika 20 tu kabla ya kusimama kwa sababu ya joto. R6 nayo ilikuwa na kikomo, ila kirefu zaidi. Tena 8K ghafi hujaza kadi ya gigabaiti 128 kwa dakika sita hivi.

Mtengeneza sinema anayo sababu ya kulipa. Lakini kijana anayekopa ili arekodi sherehe, ambazo wateja watazitazama kwenye simu, anayo sababu gani? Kamera mpya zaidi zimekuja tangu hapo, swali halijabadilika. Heri anunue ya bei nafuu, na baki aiweke kwenye lenzi na maikrofoni njema. Wahenga walikwisha kutuonya: kukopa harusi, kulipa matanga.