Nyumba Njema si Mlango



Kila mwaka, msimu wa safari za shule unapowadia, mabasi huondoka Hoima alfajiri yakielekea Entebbe. Wanafunzi husafiri zaidi ya kilomita 200 ili wamtazame simba aliyefungiwa, wapige picha kando ya Ziwa Viktoria, wale chipsi, kisha warejee usiku wakiwa hoi. Siku ya pili mwalimu huwaandikisha insha yenye kichwa “Safari Yetu”, nayo insha hujaa habari za chipsi.

Wakati huohuo, kilomita chache tu kutoka madarasani mwao, kando ya barabara iendayo Masindi, yapo makaburi ya Mparo. Hapo ndipo ulipokuwa mji mkuu wa Omukama Kabalega wa Bunyoro-Kitara. Hapo lipo kaburi lake na la mwanawe, Tito Winyi wa Nne. Ipo pia alama ya kukumbuka mahali ambapo Kabalega alimpokea Emin Pasha mwaka 1877. Wapo vijana waliozaliwa Hoima na kumaliza kidato cha sita Hoima ambao hawajawahi kuvuka ua wa mahali hapo. Hili ni jambo la aibu, na aibu hiyo si ya vijana. Ni yetu sisi walimu na wazazi.

Nimewahi kumwuliza mwalimu mwenzangu kwa nini hawapeleki wanafunzi wake Mparo. Akanijibu, “Kuna nini pale? Ni kibanda cha nyasi tu.” Sentensi hiyo fupi ndiyo ninayotaka kupambana nayo leo, kwa sababu imebeba upofu wetu wote.

Tumefundishwa kwamba nyumba ya kihistoria sharti iwe ya mawe, iwe na nguzo, na iwe imesimama yenyewe kwa karne kadhaa. Kwa kipimo hicho, nyumba zetu nyingi za kihistoria zinaonekana si kitu. Lakini tafakari kidogo. Jumba la mawe linaweza kusahauliwa kwa miaka mia moja na bado likakutwa limesimama. Nyumba ya nyasi haiwezi kusahauliwa hata miaka michache. Paa lake huoza, nguzo zake huliwa na mchwa, mvua huingia. Ikiwa imesimama leo, maana yake ni kwamba mtu fulani amekata nyasi, amezifunga na kuziezeka, na baada yake mtu mwingine ameyarudia hayo, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo nyumba ya nyasi ni ushahidi kwamba jamii ingali hai na ingali inakumbuka. Anayeidharau hajui anachokitazama. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Tazameni Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka wa Buganda. Nyumba kuu ya pale iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010. Mahali hapo palikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Baada ya moto pakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, pakabaki humo hadi 2023. Kwa nini ujenzi ulichukua muda mrefu hivyo? Fedha ni sababu moja, lakini si sababu pekee. Nyumba kama ile haijengwi kwa saruji na fundi wa kukodi tu. Kazi ya kuezeka ni ya watu wa ukoo wa Ngeye, yaani ukoo wa mbega, nayo hufuata miiko yake. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi kitabuni. Unapita mkononi mwa mzee kwenda mkononi mwa kijana. Kijana ambaye hajawahi kuletwa karibu na nyumba hiyo ataurithi wapi?

Lakini sababu kubwa ya kuwataka mzuru mahali hapa ni ya kiraia. Vitabu vingi vya shule hutufundisha kwamba Bunyoro na Buganda walikuwa mahasimu, na ni kweli kwamba majeshi ya Waganda yalipigana upande wa Waingereza dhidi ya Kabalega. Majimbo ya Buyaga na Bugangaizi, yaliyotwaliwa kutoka Bunyoro na kutiwa Buganda wakati huo, yalirudi Bunyoro baada tu ya kura ya maoni ya mwaka 1964. Machungu hayo yapo, wala sitaki myafiche. Hata hivyo, anayeishia hapo amesoma nusu ya habari.

Nusu ya pili iko Kangai, katika nchi ya Walango. Huko, tarehe 9 Aprili 1899, Kabalega alikamatwa baada ya miaka ya mapambano. Hakuwa peke yake. Alikamatwa pamoja na Mwanga, Kabaka wa Buganda, ambaye naye alikuwa ameasi utawala wa Waingereza. Wafalme wawili, ambao watu wao walikuwa wakiuana, walitiwa nguvuni siku moja, mahali pamoja, wakapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na masalia yake yakaletwa Kasubi mwaka 1910. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla hajaiona tena Bunyoro.

Sasa ziunganisheni sehemu hizo tatu: Mparo, Kasubi na Kangai. Mnyoro atakayesimama Kasubi, Mganda atakayesimama Mparo, na Mlango atakayewapokea wote wawili Kangai, watajifunza kuhusu nchi yao jambo ambalo hotuba elfu moja za umoja haziwezi kulifundisha. Na watazungumza lugha gani wakikutana? Mmoja ana Kinyoro, wa pili ana Kiganda, wa tatu ana Kilango. Kiswahili hakina kaburi la mfalme katika ugomvi huu. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mnaponiuliza darasani Kiswahili kitawafaa nini, hilo ni jibu langu mojawapo: kitawawezesha kuyazungumza mambo mazito bila yeyote kuwa mgeni katika lugha ya mwenzake.

Najua pingamizi zitakazokuja. Wa kwanza atasema kwamba kuzuru makaburi ya wafalme ni ushirikina. Mimi nami ni mtu wa dini, na namjibu hivi: hakuna anayekuomba uabudu. Kusoma historia mbele ya kaburi si sala, kama ambavyo kusoma historia mbele ya ubao si sala. Ukiona ibada ambayo dini yako haiikubali, simama pembeni kwa heshima. Raia mwema hujua kuheshimu hata asichokiamini.

Wa pili atasema hakuna fedha. Fedha za kukodi basi hadi Entebbe zinatoka wapi, basi? Mparo unaweza kufika kwa miguu au kwa bodaboda. Wala siwakatazi kwenda Entebbe. Nendeni, ila mwende na macho. Ile bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1898, mwaka mmoja tu kabla ya Kangai, ili serikali ya kikoloni ijaribu mazao ya kigeni ambayo yangeiletea faida. Mti wa mpira hapo si pambo. Ni ukurasa wa historia ileile. Anayejua habari za Mparo ataisoma bustani hiyo. Asiyejua atapiga picha tu.

Wa tatu atasema kwamba kazi hii ni ya serikali. Katiba yetu, katika malengo yake ya kitaifa, imetaja Serikali na raia pamoja katika kuhifadhi mali ya umma na urithi wa Uganda. Raia ni wewe. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha Uganda vifaa 39 vya kale, kwa mkopo wa miaka mitatu kwa kuanzia, na wengi tulilalamika: iweje tukopeshwe mali yetu? Lalamiko hilo ni la haki. Lakini tutamwambia nini Mwingereza akituuliza ni lini mara ya mwisho tulikwenda kuvitazama vile ambavyo havikuchukuliwa?

Nao muda hautusubiri. Hoima inakua haraka kwa sababu ya mafuta. Bomba la kilomita 1,443 linatoka huku kwetu hadi Tanga, barabara zinapanuliwa, na bei ya ardhi inapanda. Mahali pasipo na wageni huonekana ni kiwanja kitupu, na kiwanja kitupu hakikosi mnunuzi.

Nimalizie kwa somo la lugha, maana ndiyo kazi yangu. Kiswahili kina neno kutembelea, na kina neno kuzuru. Unamtembelea rafiki, unazuru kaburi la mzee wako au mahali patukufu. Kutoka kuzuru tunapata ziara na mzuru. Kutembelea kunahitaji miguu tu, lakini kuzuru kunahitaji moyo ulioandaliwa. Kwa hiyo, kabla muhula haujaisha, kila mmoja wenu azuru mahali pamoja pa kihistoria katika wilaya yake. Amwulize mtunzaji wa hapo maswali matatu: Nani aliijenga? Nani anaiezeka sasa? Nani ataiezeka baada yake? Kisha aniandikie majibu kwa Kiswahili fasaha.

Likiwa swali la tatu halina jibu, msirudi nyumbani kimya. Ulizeni nyasi zinakatwa wapi, na mwombe kufundishwa namna ya kuzifunga.