Kabla Hujatuma Kianzio cha Pikipiki ya Umeme



Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za vikao na wagombea, tuongee hela. Hela ya kijiweni.

Mwaka jana vijana 10 wa kijiwe kimoja cha bodaboda huku Temeke walilipa kianzio cha pikipiki za umeme. Kila mmoja laki 3, jumla milioni 3. Pikipiki yenyewe waliiona kwenye maonyesho: inang'aa, haina moshi, haina kelele. Kampuni ni ndogo, ya vijana wenye fulana safi na maneno matamu. Wakaambiwa miezi mitatu mzigo unaingia. Mwezi wa tatu wakaambiwa mzigo uko njiani. Mwezi wa tano, kontena liko bandarini linasubiri kibali. Mwezi wa saba, betri zimechelewa kutoka China. Sasa hivi simu inaita tu, haipokelewi.

Nasema haya kwa aibu, maana mimi ni mmoja wa waliowashawishi. Niliwaambia petroli itawamaliza, mchongo sasa hivi ni umeme. Kuhusu umeme bado nasimama palepale. Nilipokosea ni hapa: sikuuliza hizo pikipiki zitatoka wapi, lini, na kwa hela ya nani.

Najua kuna watakaosema huyu anapinga teknolojia. Hapana. Dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, halafu kinachobaki anakimwaga sheli, ndiye mtu wa kwanza anayeihitaji pikipiki ya umeme. Ndiyo maana ni rahisi kumpiga. Mtu mwenye kiu hakagui glasi.

Na tusidhani haya mambo yanatokea kwetu tu. Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Alta Motors, inatengeneza pikipiki za umeme huko California. Machi 2018 Harley-Davidson, jina kubwa kabisa kwenye biashara ya pikipiki, walitangaza kuweka hela humo. Oktoba mwaka huohuo Alta ikafunga milango. Sweden kulikuwa na Cake, pikipiki nzuri mno, mpaka askari wa wanyamapori Afrika Kusini waliwahi kuzitumia kwenye doria za majangili. Februari 2024 ikafilisika. Italia kulikuwa na Energica, iliyotoa pikipiki za mashindano ya dunia ya MotoE kuanzia 2019 hadi 2022. Oktoba 2024 nayo ikatangaza kufilisika.

Hao wote walikuwa na wahandisi, viwanda na wawekezaji, na pikipiki zao zilikuwa barabarani kweli. Bado walianguka. Sasa kampuni yenye ofisi ya vyumba viwili na pikipiki moja ya maonyesho, inakuomba laki 3 kwa simu, wewe unaona ugumu gani kuuliza maswali?

Tuelewane hapa, kwa sababu wengi tunachanganya. Hii si lazima iwe DECI ya 2009, ambapo watu waliambiwa wapande mbegu wavune. Kampuni nyingi za aina hii zinaanzishwa na watu wenye nia njema kabisa. Shida ni hesabu. Kutengeneza pikipiki moja ya kuonyesha watu, fundi mzuri anaweza. Kutengeneza 500 zinazofanana, kila moja ikivumilia mashimo yetu, mvua yetu na mishikaki yetu, ni kazi nyingine. Betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye pikipiki hiyo, na muuzaji wa betri hamkopeshi mtu asiyemjua. Anataka hela mkononi kwanza. Kampuni haina. Inatafuta wapi? Kwako. Kianzio chako ndicho kinachokwenda kununua betri ya pikipiki ya mtu mwingine aliyetangulia kulipa, au kinalipa pango na mishahara huku bosi akisubiri mwekezaji. Mwekezaji asipokuja, imekwisha.

Kwa hiyo unapolipa kianzio kwa kampuni kama hiyo, jua unaikopesha, tena mkopo usio na dhamana. Siku ikifilisika, benki yenye dhamana inashika chake, wafanyakazi na kodi wana nafasi yao kwenye foleni, na wewe mwenye risiti ya laki 3 uko mwisho kabisa. Nenda kasome risiti za wale vijana wa Temeke: karatasi moja, haina tarehe ya kupokea pikipiki, ila chini imeandikwa kianzio hakirudishwi. Wamesaini wote 10. Na mimi nilikuwepo.

Hata wale wanaopata pikipiki hawajamaliza. Pikipiki ya petroli, kiwanda kikifa leo, fundi wa mtaani ataendelea kuichokonoa miaka 10. Ya umeme inaweza kutegemea betri ya kampuni, kituo cha kampuni na programu ya kampuni kwenye simu. Uholanzi, kampuni ya baiskeli za umeme ya VanMoof ilipofilisika Julai 2023, walioumia ni makundi mawili. Kuna waliolipa na hawajapewa baiskeli. Na kuna waliokuwa nazo tayari, wakaanza kuhofia kwamba mitambo ya kampuni ikizimwa, programu inayofungua baiskeli nayo itakufa. Fikiria hilo limkute dereva ambaye hesabu ya jioni inamsubiri.

Inawezekana kufanya vizuri? Inawezekana. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza biashara mwaka 2019 na pikipiki chache. Dereva anafika kituoni, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Walikua kidogo kidogo, vituo na pikipiki pamoja. Serikali ya Rwanda nayo ikaweka msimamo: kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Unaweza kubishana na siasa za Rwanda upendavyo, lakini hapo kuna mpango unaoonekana. Dereva anaona kituo kabla ya kutoa hela.

Kwetu mpango uko wapi? Tunachoona ni kiongozi kupanda pikipiki ya umeme kwenye maonyesho, kamera zinapiga, kesho gazetini. Ile picha ndiyo inayotumika mtaani kuuzia watu: "Hata mheshimiwa ameipanda." Mheshimiwa amepanda, hajalipa kianzio. Aliyelipa ni Juma wa kijiweni.

Na linakuja kubwa zaidi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na kurudishwa 2024. Vikundi vingi vya vijana vinaiombea pikipiki. Kikundi kikichukua mkopo huo kikatanguliza hela kwa kampuni isiyo na mzigo, pikipiki haiji, lakini deni la halmashauri linabaki. Halafu tutasikia vijana hawakopesheki.

Kwa hiyo chama chetu kiyasimamie haya bila kumung'unya maneno. Kwanza, kianzio cha chombo ambacho hakijafika kikae benki kwenye akaunti maalumu, kampuni isiguse mpaka mteja asaini kupokea. Tume ya Ushindani ipo, kulinda mlaji ni kazi yake. Pili, hela ya asilimia 10 isitoke kwenda kwa muuzaji yeyote kabla pikipiki hazijaonekana, zimekaguliwa na zina kadi. Tatu, TBS isukume kiwango kimoja cha betri, ili kampuni moja ikifa nyingine iweze kuwahudumia madereva wake.

Na wewe kamanda, usisubiri sheria. Ukiombwa kianzio uliza: Pikipiki ngapi mmeshakabidhi, na naweza kuongea na madereva watatu wanaozitumia? Kituo cha betri kiko wapi, twende nikakione leo? Betri ni yangu au yenu? Tarehe ya kukabidhi iko wapi kwenye mkataba, na ikipita narudishiwa hela ndani ya siku ngapi? Kampuni ya kweli haiogopi maswali hayo. Ikianza kukuambia ofa inaisha Ijumaa, rudisha simu mfukoni.

Wale vijana 10 bado wako kijiweni na pikipiki za watu. Wiki iliyopita tumekaa nao, tumekusanya risiti zote, tunaandika barua kwenda Tume ya Ushindani. Sijui kama watarudishiwa hela yao. Ila kama una risiti kama hiyo, usiitupe na usinyamaze. Tafuta wenzako mliolipa pamoja, andikeni barua moja, mfuatilie wote.