Kunja karatasi kwanza

Makala tamu, ila hapo uliposema tableti imerahisisha kazi ya kuchora, mwandishi, nakukatalia. Mimi nachora vitabu vya watoto. Kazi ngumu si kupaka rangi, ni kuigawa hadithi kwenye kurasa 32. Kitabu changu cha kwanza nilikimaliza chote kwenye skrini bila kukunja hata kijitabu cha majaribio. Kilipotoka kiwandani, mkunjo wa katikati ulikuwa umemeza uso wa mtoto, na ile kijani iliyong'aa kwenye skrini ilikuwa imefifia kama khanga kuukuu. Na wewe ndugu uliyetoa maoni hapo juu ukisema wazo ni kipaji tu: mchoraji Eric Carle alipata wazo la kile kitabu chake cha kiwavi mlafi (1969) akichezea mashine ya kutoboa karatasi, tena mhusika alianza kama funza wa vitabu, kiwavi alipendekezwa na mhariri wake.